Mpaka Tuta la Mwisho

Damari hakumpenda baba mkwe wake, na baba mkwe hakumpenda Damari. Kwa kuwa mila ya Wanyakyusa ilimkataza mke wa mtoto kumtazama mkwewe wala kusemezana naye, chuki yao ilibidi ipite njia za pembeni. Mzee Andendekisye alikuwa akisimama uani na kuihutubia migomba.

"Kuna watu humu wamezaa bubu," alisema asubuhi ile, sauti juu, huku Damari amejibanza nyuma ya jiko, shuka usoni. "Na bubu huyo namsomesha mimi! Darasa la pili, mwaka wa pili!"

Bubu mwenyewe alikuwa Atuganile, binti wa Damari, na hakuwa bubu hata kidogo. Nyumbani alikuwa anasema mpaka anachosha. Lakini akiitwa mbele ya darasa, kitabu mkononi, Mwalimu Ezekia pembeni na fimbo yake, ulimi ulimganda. Wenzake walicheka, fimbo ikashuka, na kesho yake hata maneno aliyoyajua yalimkimbia. Mwalimu Ezekia aliamini kusoma kunaingilia mgongoni. Kwa mtoto huyu kulikuwa kunatokea hapo hapo.

Mzee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ile ya kanisa, huku Kiwira, na mzee wa kanisa vilevile. Injili aliipokea yote, ila mwiko wa mkwe hakuupunguza hata chembe. Wakristo wengine walishaanza kukaa nyumba moja na wake za watoto wao. Yeye alisema huo ni uhuni wa Mbeya mjini. Sasa alikuwa amekata shauri, na mkewe, Bibi Marta, ndiye aliyetumwa kulileta jikoni.

"Baba anasema siku ya kufunga shule watoto watasoma mbele ya kamati, wazazi wote wakiwepo. Atuganile akinyamaza tena, anatolewa. Anakwenda Masoko kulea watoto wa shangazi yake."

"Nimesikia, mama. Alikuwa anaiambia migomba."

Mumewe, Yotamu, alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na hata angekuwepo asingethubutu kumjibu baba yake. Damari akabaki peke yake na hasira zake. Kusoma alijua, alifundishwa na mke wa mchungaji kabla ya kuolewa. Uvumilivu ndio hakufundishwa. Jioni ile alimkalisha mtoto, akamkodolea macho, na neno la kwanza lilipokwama akamtandika kofi. Atuganile akafumba mdomo, asiufungue tena. Damari aliutazama mkono wake akauchukia. Alijiona ni Ezekia aliyevaa shuka.

Kesho yake alimchukua shambani. Alimsimamisha kwenye tuta la kwanza, yeye akampa mgongo na kuanza kulima.

"Soma."

"Mama, mbona hunitazami?"

"Nina kazi. Soma nisikie."

Nyuma yake kikatoka kisauti kama cha kitoto kichanga. "Mama... anachemsha... maji."

Damari jembe likamsimama hewani. Maneno matatu, na yote yametoka! Kumbe macho ndiyo yaliyokuwa yanamnyonga mtoto, wala si kitabu. Alitamani kugeuka amkumbatie, akajizuia. Akasogea tuta la pili.

"Sisikii!"

"Mama anachemsha maji."

"Sisikii!"

"MAMA ANACHEMSHA MAJI!"

Ikawa ndiyo kazi yao kila jioni. Mtoto akikosea, Damari hakugeuka wala kutukana. Aligonga jembe kwenye jiwe, mtoto akarudia. Akisoma vizuri, mama alisogea tuta moja mbele, na sauti ikabidi imfuate. Majirani waliwacheka. "Damari, mwambie inatosha, sisi wote tumeshachemsha!" Damari aliwajibu maneno ambayo mke wa mchungaji hakumfundisha. Siku ya kufunga shule ilipofika, alikuwa analima tuta la mwisho, na kila neno lilikuwa linamfikia.

Watu walikusanyika nje ya kanisa. Kamati ilikaa kwenye benchi, Mzee Andendekisye katikati. Damari hakuruhusiwa kukaribia alipo mkwewe, kwa hiyo alisimama mbali, ng'ambo ya ua, na kwa heshima ya mila akawapa wote mgongo.

Atuganile akaitwa. Kimya. Mtu akakohoa, mwingine akacheka puani.

"Si mliniita mkatili?" Mzee alisema, na furaha ilikuwa kwenye sauti, mzee mzima. "Haya, mmeona. Bubu ni bubu. Mwalimu, mtoe."

Mwanamke kupaza sauti mahali alipoketi mkwewe ni kumvua nguo mbele za watu, na wengine walirudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Yote hayo Damari aliyajua. Akapiga moyo konde.

"Sisikii!"

Uwanja mzima ukatazama chini kwa aibu.

"Nani huyo?" Mzee aliuliza, ingawa alimjua vizuri.

"Atuganile, sisikii!"

Mtoto akainua uso. Akatazama juu ya vichwa vya kamati, juu ya fimbo, mpaka kwenye ule mgongo ng'ambo ya ua. Akafungua mdomo. Alisoma ukurasa wote mpaka mwisho, kwa sauti kubwa hata Mwalimu Ezekia akarudi nyuma.

"Amefaulu," mwalimu alisema kwa shingo upande. Angesema nini? Kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

Safari hii Mzee hakusema na migomba. "Mtoto atabaki shule, ni wa ukoo wangu. Mama yake aondoke kwangu leo hii. Akakae kwa baba yake mpaka waje na ng'ombe kuniomba radhi."

Bibi Marta alilia akimfungia nguo. Damari hakulia. Jembe aliliacha, lilikuwa la nyumba ile.

Njia ya kwao ilikatiza kando ya shamba, ikapanda kilima. Atuganile alikatazwa kumfuata, na babu yake alisimama uani kuhakikisha. Basi mtoto alikwenda kwenye tuta la kwanza, akafungua kitabu, akaanza kusoma.

Damari hakugeuka. Alijua akigeuka atarudi, na akirudi Mzee atamtoa mtoto shule. Alipita tuta la mwisho, akaanza kupanda, na kila alivyozidi kwenda sauti ilizidi kupanda nyuma yake. Kileleni, njia inapoteremkia upande wa pili, alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Kila neno lilikuwa linamfikia.

"Sisikii!" alipiga kelele.

Mtoto akaongeza sauti.