Chetezo cha Mama Kampire

Siku ya Jumanne, saa tatu za asubuhi, Mukagasana alipanga juu ya meza ya sebuleni vitu sita vyenye harufu nzuri, kuanzia kilicho hafifu hadi kilicho kikali, kama masista wanavyopanga wanafunzi kwa urefu kabla ya misa. Kulikuwa na majani ya mchaichai, maganda makavu ya ndimu, kahawa iliyokaangwa, majani ya mkalitusi, sabuni iliyokunwa na kufungwa ndani ya soksi safi, na chupa ya kupuliza kutoka Goma, yenye picha ya ua lisilomea popote katika Masisi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, watu wa kijana Gentil wangepanda kutoka Shasha, kando ya ziwa, kuja kumposa binti yake, Elodie. Mukagasana hakutaka harufu ya kuwarukia wageni puani. Alitaka ile inayompokea mgeni mlangoni, ikamkalisha, ikakaa naye mpaka vinywaji viishe, yaani mpaka jioni. Harufu ya nyumba, alisema, inatakiwa kuwa kama mama mkwe mwema: ajulikane kwamba yupo, lakini asisemeseme.

Kila siku alijaribu kitu kimoja, na Elodie akaandika saa katika daftari lake la zamani la kemia. Mchaichai ulidumu mpaka saa sita, kisha ukageuka kuwa harufu ya Mama Kampire, aliyeishi humo kabla yao. Ndimu zilifika saa saba. Kahawa ilipigana mpaka saa nane, ikashindwa kwa heshima. Chupa ya Goma ndiyo iliyodumu kuliko vyote: ilifika saa kumi kasoro dakika ishirini, halafu nayo ikawa Mama Kampire, ikiwa na lile ua la mbali kidogo pembeni.

Elodie alisema shuleni kitu kama hicho kinaitwa matokeo.

Katika vilima vile, vyombo vya mti vya maziwa hufukizwa moshi ili maziwa yakae na yanukie. Majani na vijiti huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo cha udongo, na chombo hufunikwa juu yake. Kila mwanamke ana mchanganyiko wake aliopewa na mama yake. Mtu mwenye pua ya kawaida akinywa maziwa amefumba macho anaweza kusema yametoka kwenye mkono wa nani. Mchanganyiko wa Kampire ulikuwa na majani ya mlimani, vijiti vya mzeituni wa porini, na kitu cha tatu ambacho hakumwambia mtu.

Nyumba ilikuwa yake. Kampire alikuwa mjane wa Bisengimana, na Makuza, mume wa Mukagasana, alikuwa mdogo wake Bisengimana. Miaka miwili nyuma, risasi zilipopanda kilima, Kampire alikimbia na wajukuu wawili, akamwachia Makuza ufunguo amlindie nyumba na ng'ombe. Makuza alilinda vizuri sana. Baada ya miezi mitatu alihamia humo na mkewe ili kulinda kwa karibu zaidi. Baada ya miezi sita alipata karatasi yenye mhuri, iliyosema nyumba ilikuwa yake tangu zamani. Ng'ombe hawakuandikwa katika karatasi, lakini walichukuliwa kuwa wameelewa. Kampire aliishi sasa chini ya plastiki, katika kambi ya wakimbizi karibu na Mweso.

Desturi iko wazi: mwanamke anayehama nyumba huondoka na chetezo chake, au hukivunja kizingitini. Kukitumia chetezo cha mwanamke mwingine ni kama kuitika alipoitwa yeye. Lakini Kampire aliondoka na mtoto mmoja mgongoni, wa pili mkononi, na mkono mwingine ulishika sufuria, kwa hiyo hakubaki na mkono wa desturi. Mukagasana alikikuta chetezo jikoni, cheusi, bila ufa hata mmoja. Aliona ni huruma kukivunja. Akakitumia siku hiyohiyo.

Mwanzoni harufu ilikaa ndani ya maziwa, mahali pake. Kisha ikaanza kuzunguka. Kila siku iliingia kwa mlango wa nyuma na kukaa katika kiti kilicho karibu na mlango wa mbele, na mto wa kiti ulibonyea. Makuza alikalia kiti hicho mara moja akainuka, akisema kina joto.

Ng'ombe nao walibadilika. Jioni hawakwenda zizini tena. Walisimama mstari nyuma ya jiko, mzee wao mbele, wakingoja kuitwa kwa majina ambayo Mukagasana hakuyajua. Hawakutoa maziwa mpaka harufu itoke nje na kuwapitia mmojammoja. Elodie alishauri wafundishwe kupiga hodi. Upande wa pili wa kilima bunduki zililia, zile za mbali, za kawaida.

Jumapili alifika Straton, mtu wa Itebero, ambaye hutembea siku nyingi kutoka porini na utomvu mweupe wa miti mikubwa, ule unaochomwa kanisani kama ubani. Alisimama langoni, akavuta pumzi, akavua kofia na kumwamkia Mama Kampire. Mukagasana akatoka kumweleza kwamba Mama Kampire hayupo. Straton aliitazama nyumba, akaitazama kofia yake, akairudisha kichwani polepole.

Mukagasana alimweleza shida yake bila kutaja karatasi. Alitaka ubani wa kutosha kufunika siku nzima ya Jumamosi.

“Mama, ubani ya pori inafunika harufu ya muntu aliyekufa,” alisema Straton. “Ya muntu muzima haiwezi.”

Alikataa kumuuzia. Alisema chetezo kirudi kwa mwenyewe, na harufu itakifuata. Kisha akanywa maziwa aliyopewa, akamshukuru Mama Kampire, akaenda zake.

Jumatatu Mukagasana alipanda pikipiki mpaka Mweso. Kambini mbwa walimbwekea kila mtu aliyepita, lakini waliolala mbele ya hema la Kampire hawakuinua hata masikio. Ndani kulikuwa na moto wa kuni mbichi na sufuria ya maharagwe, na hapakuwa na harufu yoyote, hata ya moshi. Kampire alikuwa amefunga kitambaa chekundu mkononi. Alieleza kwamba wajukuu walikuwa wakimpoteza kwenye foleni ya maji. Mdogo alizoea kumtafuta bibi yake kwa pua, na tangu mwaka uliopita bibi hakuwa na harufu.

Wanawake wawili walikaa juu ya mkeka mmoja. Kampire aliuliza habari za ng'ombe, akiwataja kwa majina, na Mukagasana akajibu kwamba wote wazima, kwa kuwa hakujua nani ni nani.

“Dada, harufu yako iko kwetu,” alisema mwishowe.

“Najua. Iko nyumbani kwake. Mimi njo siko nyumbani.”

Mukagasana alisema wageni wanakuja Jumamosi, na mambo ya mtoto yanaweza kuharibika.

“Niletee chetezo,” alisema Kampire. “Leo sikuombe mulango, sikuombe ng'ombe. Niletee ile chetezo tu, batoto banijue.”

Mukagasana aliahidi. Ahadi ilikuwa ya kweli mpaka aliposhuka kwenye pikipiki nyumbani.

Makuza alimsikiliza hadi mwisho, kwani alikuwa mtu wa adabu. Kisha akaeleza hesabu yake kwa upole: ukimrudishia mtu chetezo umekubali kwamba kilikuwa chake, na kilikuwa jikoni, na jiko liko ndani ya nyumba.

“Ukirudisha chetezo, kesho anaomba mulango,” alisema. “Kesho kutwa anaita ng'ombe kwa majina, na wataitika. Unawajua wale.”

Alikichukua mwenyewe, akakiweka juu ya jiwe la kizingiti, akakipiga kwa mpini wa jembe. Desturi inataka kivunjwe na mwenyewe, lakini Makuza alikuwa na karatasi. Chetezo kilivunjika vipande saba, na kila kipande kikaanza kutoa moshi bila moto. Vilitupwa kwenye jalala, lakini asubuhi havikuwa huko. Nyumba ilikuwa na vyumba vitano, na kila chumba kilikuwa na kipande chake sakafuni, katikati kabisa. Cha sita kilikuwa zizini kwa ndama. Cha saba kilikuwa chooni, na kuanzia siku hiyo choo kilikuwa mahali pa kukaribisha kuliko pote, hata majirani waliomba njia. Elodie aliandika matokeo, akaongeza mstari wa swali ambalo hakulisoma kwa sauti: aliuliza mama yake alikuwa ameahidi nini Mweso.

Jumamosi wageni walifika saa tisa, watu kumi na mmoja, wakiongozwa na Papa Sebarenzi, baba yake Gentil. Katika posa ya huko mwenye nyumba husimama na kutangaza mbele ya pande zote mbili kwamba hapa ni kwa fulani, na mgeni hujibu kwamba ndiyo, tumefika kwa fulani. Bila maneno hayo mazungumzo hayaanzi. Makuza alivaa koti na kusimama. Koti lilinukia Kampire.

“Karibuni kwa Makuza,” alisema.

Sebarenzi alisimama mlangoni amefumba macho, na watu kumi nyuma yake wakasimama, na Mukagasana akashika ukingo wa meza. Mzee alifumbua macho, akakiona kile kiti ambacho mto wake umebonyea, akakiinamia kichwa. Akaenda kukaa kwingine.

“Hii njo kwa Kampire,” alisema. “Mwaka ule tulikimbia, tulilala hapa siku tatu. Alitupatia maziwa, na hakutuuliza majina.”

Gentil alimtazama Elodie, na Elodie aliutazama mto wa kiti. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mzee akisimama sasa na kuchukua fimbo yake, habari itashuka mpaka ziwani kabla ya giza, na karatasi yenye mhuri itabaki karatasi.

“Na mwenyewe iko wapi?” aliuliza Sebarenzi.

“Iko Mweso,” alisema Makuza. “Anapumzika.”

Sebarenzi alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mvua ikipungua. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe, pale Shasha, alihamia katika nyumba nzuri wakati fulani, watu walipokuwa hawapo. Kila jioni nyumba hiyo hunuka samaki wa kukaushwa, na kwake hakuna anayekula samaki. Jumapili hunuka mafuta ya nywele za mtoto. Mwaka wa kwanza mke wake alikuwa akilia.

“Mutazoea,” alisema. “Sisi tulizoea.”

Akasimama, akanyoosha koti lake, akajibu kama desturi inavyotaka: “Ndiyo. Tumefika kwa Makuza.”

Maziwa yakaletwa. Mazungumzo yakageukia ng'ombe wa mahari, na yalikwenda vizuri. Wageni walisifu sana jinsi nyumba inavyonukia, harufu ya kudumu, isiyosumbua, na wanawake wawili wa Shasha walimuuliza Mukagasana siri yake.

Harusi ilikuwa miezi miwili baadaye. Saa tisa na nusu, watu wakiwa wamejaa chini ya turubai, Kampire aliingia kwa lango la miti. Mbwa hakubweka. Wageni walimpisha bila kumwona, kama watu wanavyoupisha upepo. Ng'ombe, ambao walikuwa malishoni juu ya kilima, waligeuza vichwa wote pamoja, kisha wakaendelea kula, kwa kuwa harufu waliyoijua ilikuwa ndani ya nyumba.

Mukagasana alikitambua kitambaa chekundu. Alimpokea vizuri, akamkalisha katika kiti cha karibu na mlango. Mto haukubonyea, kwa sababu ulikuwa umeshabonyea. Akamletea maziwa katika chombo cha mti.

Kampire alikunywa mpaka mwisho, akakigeuza chombo, akapitisha kidole kwenye alama ndogo ya kisu aliyoichonga mwenyewe mwaka alioolewa.

“Maziwa iko muzuri,” alisema. “Nani alifukiza?”

“Ni sisi,” alisema Mukagasana.

Kampire akauliza kama yeye na wajukuu wangeweza kurudi kulala humu ndani, hata katika chumba kimoja. Makuza alikuja mwenyewe kujibu, kwa adabu zote. Alieleza kwamba nyumba imejaa wageni, kama mulamu, shemeji yake, anavyoona, na kwamba siku nyingine wataangalia. Alimwambia karibu sana, karibu siku yoyote.

Kampire alisimama, akaagana na kila aliyekuwa karibu, ingawa wachache waliinua macho. Alipotoka, mto wa kiti ulipanda. Harufu ilitoka nyuma yake, ikapita kati ya wageni, ikamsindikiza mpaka langoni kama mwenyeji mwema anavyofanya, na hapo ikasimama. Kitambaa chekundu kilishuka kwenye njia ya Mweso, kikafika kwenye kona, kikapotea.

Elodie aliyaona yote kutoka dirishani. Siku hiyo alikuwa bibi harusi na hakuruhusiwa kushika kitu chochote, lakini aliomba apewe kalamu na lile daftari la kemia. Aliandika mistari miwili, akafunga daftari, akaenda kucheza.

Saa kumi kamili: imetoka.

Saa kumi na dakika tano: imerudi.