Kinga ya Mlonge

Eveline alifika nyumbani Mofu akiwa amechoka hoi. Alimkuta baba yake, Mzee Teofili, barazani akinywa maji ya majani ya mlonge, chupa ya gongo ikisubiri pembeni. Macho yake yalikuwa ya manjano.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, daktari wa panya! Dawa yako naitanguliza kila siku kabla ya gongo. Ini langu lina kinga."

Eveline akajiketisha chini taratibu. Likizo iliyopita alimsimulia utafiti wake wa chuoni: panya waliopewa mlonge kwanza, sumu haikuwaharibu sana maini. Alitaka tu baba afurahi.

"Baba, wale panya sumu niliwapa mimi. Hawakuifuata wenyewe kilabuni."

Mzee alicheka, kisha akashika ubavu. "Lakini walipona?"

"Tuliwaua wote, ili tuyatazame maini yao."

 Mzee akaisukuma chupa ya gongo kwa mguu, polepole, mpaka ikamfikia binti yake.

"Basi kesho nipeleke hospitali Ifakara," alisema kwa uchovu. "Langu walitazame nikiwa hai."