Klachi kwa Kipimo cha Fundi

Fundi pikipiki alikuwa na kiganja kipana kama sinia, na alikiona kuwa ndicho kipimo cha dunia nzima. Kila klachi iliyoletwa gereji kwake ilirekebishwa kwa mkono wake: anakaa juu ya pikipiki, ananyoosha vidole, anakaza waya mpaka klachi ishikie mbali kule, kwenye ncha za vidole vyake, kisha anatangaza, "Laini kama siagi!" Mteja akilalamika, basi mwenye kasoro ni mteja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa miaka kumi na minne.

Siku hiyo aliyelalamika alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga. Zahanati ilimpa pikipiki ya kuwafuata wajawazito majumbani, kwa sharti apate leseni. Mara mbili alikwenda kwenye mtihani, na mara mbili pikipiki ilimzimikia pale pale kwenye mstari wa kuanzia, mtahini hajafungua hata kalamu. Leo saa kumi ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akishindwa, pikipiki anapewa mtunza stoo, mtu ambaye hajawahi kuzalisha hata kuku.

"Klachi inaniponyoka," alisema mkunga. "Ikifika pale inaposhika, vidole vyangu vimeshaisha."

"Vidole haviishi, mke wangu. Wewe unaachia kama umeungua. Nimeshakwambia, pikipiki si ya kila mtu. Wengine hawakuzaliwa nayo."

Kwenye benchi la wateja, mama mkwe akakohoa. Alikuwa fundi cherehani, amekuja kumsindikiza binti yake, na tepu ya kupimia ilikuwa shingoni kama siku zote.

"Mwanangu," alisema kwa upole, ule upole wa kutisha. "Nikishona gauni la mteja, nipime mwili wa nani?"

"Wa mteja, mama."

"Siyo wangu?"

"Hapana, mama."

"Haya. Nyoosha mkono."

Mkwe ni mkwe. Fundi alifuta grisi kwenye suruali, akanyoosha. Mama mkwe akapima kuanzia shina la kidole gumba hadi ncha ya kidole cha kati, kisha akampima binti yake vivyo hivyo. Tofauti ilikuwa pingili nzima ya kidole. Wateja wawili waliokuwa benchini walirefusha shingo ili waone vizuri.

Fundi aliona aibu, masikio yakawaka moto. Angekuwa mtu mwingine angembishia, lakini tepu haibishiwi. Akachukua spana, akalegeza nati ndogo pale waya unapoingia kwenye usukani, akaizungusha skrubu kidogo kidogo waya ulegee. Safari hii aliyekaa juu ya pikipiki alikuwa mkewe.

"Inashika wapi?"

"Bado mbali."

Akazungusha tena. "Na sasa?"

"Hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Alihakikisha klachi ikivutwa mpaka mwisho gia inaachia kabisa, akakaza nati. Lakini kiburi hakifi siku moja. "Shuka kwanza niijaribu," akasema.

Akapanda kwa madaha, akatia gia, akaachia klachi kwa mazoea yake, haraka mpaka kwenye ncha za vidole. Pikipiki ikaruka kidogo, ikazima. Akawasha tena. Ikazima tena.

"Usijali, mwanangu," alisema mama mkwe. "Wengine hawakuzaliwa nayo."

Mteja mmoja alicheka mpaka akaangukia rundo la matairi.

Saa kumi fundi alisimama nyuma ya uzio wa uwanja wa mtihani, roho mkononi. Mkewe alipoanza kuachia klachi, naye alikuwa ameukamata waya wa uzio kwa mkono wa kushoto, akiuachia polepole. Pikipiki ikaondoka taratibu, ikazunguka mapipa yote, ikarudi mstarini bado inanguruma. Mtahini akafungua kalamu.

Mkunga alikuja mpaka kwenye uzio na karatasi yake ya kufaulu. Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kuisifia klachi, lakini mkewe akamuwahi.

"Zile mara mbili nililia, unajua? Bafuni. Wewe ulidhani naoga."

Maneno yote ya fundi yakayeyuka. "Nisamehe, mke wangu," akasema. "Wewe hukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono wangu."

Mkunga aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Panda nyuma," akasema, akampeleka nyumbani.

Asubuhi yake muuza maziwa, mwanamume mfupi ambaye kwa miaka mitatu fundi alikuwa akimshauri ale vizuri apate nguvu, alifika gereji akisukuma pikipiki.

"Fundi, klachi bado inanisumbua. Najua, najua, ni mimi tu."

Fundi aliitoa shingoni tepu aliyoazimwa na mama mkwe.

"Lete mkono," akasema.