Shangazi wa Miaka Tisa

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipojifunza kuguna. Si kuguna kwa mtoto aliyenyimwa kitu, bali kuguna kwa mwanamke aliyezika waume wawili. Alikaa juu ya stuli kando ya kioo, mguu mmoja juu ya mwingine, kitabu cha hesabu kimefunguka mapajani bila kusomwa, akasema, "Wanaume, dada zangu, ni kama mvua. Ukianika nguo, inakuja. Ukitega ndoo, inapita." Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mteja niliyekuwa namsuka alitikisika hata mstari niliokuwa nimeupasua kichwani ukapinda, ikanibidi nifumue nianze upya.

Nilianza upya huku nacheka. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mimi ni msusi. Husemwa kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Ya walio hai, muulize msusi. Mwanamke akiinamisha kichwa mbele yako saa nne mfululizo, wewe humwoni uso wala yeye hakuoni, atakwambia hata yale asiyoyataja kwenye sala zake. Chumba changu ni kidogo: viti vitatu, beseni la kuoshea nywele, kioo chenye ufa pembeni, na harufu ya mafuta na ncha za nywele zilizochomwa. Mwanangu akitoka shule alikuja moja kwa moja pale, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kukaa naye. Mwanzoni nilikuwa nikimwambia, "Toka nje ucheze, haya ni mazungumzo ya wakubwa." Alitoka. Lakini nje kulikuwa na barabara na pikipiki, nami nina moyo wa kuku. Kila breki iliyolia niliona kama inamlilia yeye. Nikamwita ndani, akae nimwone. Nilimkinga na magurudumu. Sikujua kwamba ulimi nao hukanyaga.

Akawa anasikia, anashika, anarudisha. Wateja wakambandika jina la Shangazi.

"Shangazi, mume wangu siku hizi anarudi na shibe yake. Nifanyeje?"

Naye, bila kuinua macho: "Mpikie hivyohivyo. Shibe ya nje haifiki asubuhi."

"Ala! Huyu mtoto kala chumvi nyingi!"

"Kaila yote, hata ile ya bibi yake!"

Kulikuwa na muuza viatu mmoja, mwanamke wa kicheko cha kufungua milango, aliyevuka mitaa miwili kuja kwangu. Aliniambia wazi, "Mama Shangazi, usijidanganye ni mikono yako. Wasusi wamejaa tele. Mimi namfuata mwanao." Kichwa kilinivimba. Watoto wa wenzangu walisifiwa kwa akili za darasani. Wangu alisifiwa kwa akili za kikubwa, nami kwa elimu yangu ya shule ya msingi nilidhani hizi zimezizidi zile. Mama mwenzangu, siku ukimsikia mwanao anaongea kama mtu aliyeishi, usitangulize kicheko. Jiulize kwanza ni maisha ya nani hayo aliyoyabeba.

Mlango wa pili kutoka kwangu kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke mpole. Binti yake na wangu walikaa dawati moja. Siku moja fundi alikuja kusuka, mdomo umevimba upande mmoja. Hatukumuuliza. Mtaa mzima uliujua mkono wa yule mwanamume aliyekuwa baba wa kambo wa mtoto wake.

"Nafikiria kumchukua mwanangu nirudi kwa mama," alisema polepole, akiongea na sakafu.

Tulimrukia kwa upole, vile wanawake tunavyojua kurukiana.

"Na nyumba umwachie nani?" muuza viatu alimuuliza.

"Mwanamke kifua, mwenzangu," alisema mwingine, povu likimchuruzika shingoni. "Nani hapa hajapigwa?"

Kisha muuza viatu akageukia stuli. "Shangazi, hebu tukatie hii kesi."

Mwanangu alivuta pumzi, akaegemeza shavu kiganjani. "Mwanamke kifua, dada. Ya ndani ukiyatoa nje, watu watayachezea, na jioni utarudi palepale."

Tulicheka. Fundi naye alicheka, kiganja kimefunika mdomo. Nilimsuka twende kilioni, mistari minyoofu kutoka kwenye paji hadi kisogoni, akanishukuru, akarudi kwake. Kwa mama yake hakwenda.

Mwezi haukuisha, mwalimu akaniita. Nilivaa nguo yangu ya kutokea, nikidhani Shangazi kawachekesha hata walimu. Nilimkuta mwanangu ameketi ofisini, mikono mapajani. Mwalimu wake, kijana mwenye sauti ya chini, hakunionyesha hata kiti.

"Mama, rafiki wa mwanao ameanguka uwanjani leo. Wiki nzima anakuja na sweta kwenye jua hili. Tulipomvua tumekuta mkono umevunjika, tena si leo. Yuko hospitali." Akasogeza daftari mbele yangu. "Tumegundua pia kwamba kazi zake zote za wiki hii zina mwandiko wa mwanao."

Wiki nzima. Wiki hiyohiyo alikaa kwenye stuli yangu akituvunja mbavu, huku mchana anauandikia mkono uliovunjika.

"Yule mtoto alitaka kuniambia siku ya kwanza," mwalimu aliendelea. "Ila alimuuliza kwanza rafiki yake. Rafiki yake akamwambia mwanamke kifua." Akamwinamia mwanangu. "Binti, hakuna atakayekuchapa. Nani alikufundisha maneno hayo?"

Palikuwa mahali pangu pa kusema. Nafasi ilikuwepo, pana, mlango wazi. Nikafungua mdomo, yakatoka haya: "Watoto wa siku hizi, mwalimu, si unawajua. Hizi televisheni zinatuharibia."

Kwetu hakuna televisheni.

Mwanangu alinigeukia. Sikuona hasira machoni mwake, heri ningeiona. Alinitazama vile wateja wangu wanavyomtazama mwenzao anayesema jicho lake liligonga mlango. Halafu akamrudia mwalimu, sauti imetulia.

"Ndiyo, mwalimu. Ni televisheni."

Alinisitiri. Mimi niliyembeba tumboni, alinifunika kama anavyofunikwa mgonjwa, akahakikisha na miguu haibaki nje.

Njiani hakulia. Tulipofika penye kona alinipapasa mgongo, akasema, "Usijali, mama. Yataisha." Nilisimama katikati ya wapita njia nikiwa nimeshika mkono mdogo wenye wino vidoleni, nisijue nani anamvusha mwenzake barabara.

Asubuhi yake nilikuwa shuleni kabla ya kengele. Nilimwambia mwalimu yote: chumba, stuli, kesi tuliyomkatisha mtoto, kicheko changu. Nikamwambia pia kwamba ule mkono wa yule mwanamume nilikuwa naujua. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunifariji. "Afadhali umesema, mama," alijibu. "Ungesema mwezi uliopita." Niliokota mkoba wangu nikatoka.

Fundi sasa yuko kwa mama yake, na mtoto karuhusiwa kutoka hospitali. Jumamosi nilimshika mwanangu mkono tukaenda. Fundi mwenyewe alitufungulia. "Karibuni," alisema, kwa sauti anayokaribishwa nayo mtu kwa sababu tu adabu haijafa. Ndani, juu ya godoro lililosogezwa dirishani, binti yake alikuwa amekaa na mkono uliofungwa plasta tangu kiganja hadi juu ya kiwiko. Alituona, akatazama pembeni.

Mwanangu alisimama kizingitini. Nikahisi kitu kinanivuta: alikuwa amekamata sketi yangu, kwa ngumi, kama watoto wadogo.

"Mama," alinong'ona, "niseme nini?"

Nilitafuta. Mdomo wangu ulijaa maneno, na kila neno nililolishika lilikuwa limetoka kwenye vile viti vitatu.

"Sijui, mwanangu."

Kisha akaiachia sketi, akavua kandambili zake, akaingia. Mimi nilibaki mlangoni, viatu vyangu mkononi, nikisubiri kuona kama nami nimekaribishwa.