Gunia la Makofi

Jumapili mchana fundi wa kushona alikuwa akipanga viti katika ukumbi wa mtaa. Vile vya plastiki vyenye mguu uliopasuka aliviweka nyuma kabisa, asije akaanguka mtu. Hakuna aliyemlipa. Muziki wa Jumapili aliuanzisha yeye, kwa sababu aliona aibu mtaa mzima kusikia nyimbo kwenye simu tu, huku mpiga gitaa mzima, tarishi mstaafu, akishinda kibarazani vidole vimelala. Alimbembeleza tarishi. Alimbembeleza msimamizi wa ukumbi. Alibandika matangazo kwenye nguzo, akapita nyumba kwa nyumba. Waliokuja mwanzoni walikuwa wachache, tena wengine walikuja kukwepa jua.

Watu wakipiga makofi, makofi yalibaki sakafuni. Yalikuwa mepesi na makavu kama maganda ya vitunguu, na ukiyakanyaga yalilia. Fundi aliyafagia baada ya onyesho na kuyamwaga uani. Aliyopigiwa tarishi yalienea kiganjani.

Kisha mdogo wake fundi akaachika, akaja kukaa kwake na masanduku yake. Tangu utotoni aliitwa Chiriku. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia apande jukwaani, achangamke kidogo. Chiriku akaimba wimbo mmoja, watu wakasimama. Jumapili iliyofuata viti havikutosha, na makofi yakafika magotini.

Mshereheshaji, kinyozi wa jirani asiyeishiwa maneno, akasema mtaa unamshukuru Chiriku kwa kuwaletea muziki. Chiriku akainamisha kichwa, akatabasamu. Fundi alikuwa mlangoni na ufagio.

Siku hiyo makofi hakuyamwaga. Aliyajaza kwenye gunia la vipande vya vitambaa, akalibeba nyumbani, akalisukuma chini ya meza ya cherehani.

Kesho yake, alipomaliza kupiga pasi suruali ya mteja, alifungua gunia kidogo. Likampigia makofi. Akasimama wima na suruali mkononi, akainama. Roho ikamtulia. Akashona mfuko wa shati, akafungua tena. Ila katikati ya makofi kulikuwa na waliopaza sauti, "Chiriku! Rudia, Chiriku!" Fundi akayamwaga kwenye ungo, akayachambua kama mchele, akitoa yenye jina. Yaliyobaki hayakujaa kikombe.

Akaanza kuona mambo. Wateja waliinua mikono wapimwe, huku macho yao yakimtafuta mwingine. Hata tarishi, ambaye fundi alimfuata kwa miguu yake mwenyewe kumbembeleza, alikuja kuuliza kama Chiriku yupo. Fundi akamjibu hayupo, ilhali Chiriku alikuwa bafuni, nyuma ya ukuta uleule, akiimba. Tarishi alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka.

Gunia Chiriku alilikuta alipokuja kutafuta kifungo. Alilikanyaga, na chumba kizima kikampigia makofi. Akangoja yaishe, kama alivyozoea.

"Haya ni yangu, dada?"

"Ni yako."

"Ulikuwa unayasikiliza?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Wanasema wewe ndiye uliyeanzisha. Na wewe unanyamaza."

Chiriku alifikiri, tena kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. Akaeleza kwamba siku ile alitaka kusema, lakini watu walikuwa wamefurahi, akaona atawakatiza furaha. Tena katika miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyewahi kumshukuru kwa lolote. Kisha akalisukuma gunia kwa mguu mpaka kwa dada yake.

"Chukua tu, dada. Mimi yananijaa mpaka sijui niyaweke wapi."

Fundi aliona heri angetukanwa. Lakini gunia alilivuta, akalirudisha chini ya meza.

Jumapili kinyozi akamshukuru Chiriku tena. Safari hii Chiriku akaomba kipaza sauti, akageukia mlangoni, akamtazama dada yake kwa muda. Vichwa vikageuka. Fundi akaegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Dada," Chiriku akasema, "naomba maji."

Akampelekea. Watu walisogeza miguu kumpisha, na makofi yakalia chini ya viatu vyao.