Bomba la Narelle

Jumamosi ile uwanja wa gereji ya Merv, kule mjini Caboolture, ulifurika watu, kila mmoja na soseji mkononi na la kusema mdomoni. Ilikuwa siku ya chama chao cha wapenda magari kupima nguvu za injini. Gari hupandishwa kwenye mashine, magurudumu yakazunguka bila gari kusogea, na Merv akasoma namba ya nguvu zake kwenye kipaza sauti ili hata jirani asiyependa kelele aisikie.

Narelle alikuwa hajawahi kupandisha lake. Tangu alitengenezee gari hilo, Falcon ya turbo, njia mpya ya hewa, walikuwa wakimcheka. Bomba alilichomelea mwenyewe, akalishusha mdomo hadi nyuma ya bampa, chini kabisa, injini ivute hewa baridi ya barabarani badala ya kuvuta joto lake yenyewe. Merv aliliita bomba la sinki. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumfunga mdomo.

Falcon ikarudi ikivutwa kwa kamba.

Narelle alikuwa amempa mdogo wake, Troy, gari akalete barafu. Barafu tu! Troy akashuka, mikono mifukoni.

"Imezima tu, dada. Nilikuwa naenda zangu, ikazima. Labda hilo bomba..."

"Labda bomba nini?"

"Mi sijui. Labda hukulikaza."

Merv hakungoja. Kipaza sauti kikakoroma: "Mabibi na mabwana, sinki limeziba!" Watu wakacheka mpaka vitunguu vya soseji vikawamwagika. Bibi mmoja alianza kumsimulia mwenzake jinsi alivyojua tangu mwanzo, na hakuwa amejua lolote.

Narelle masikio yalimwaka moto. Alifungua boneti, akalegeza kibanio, akalitoa chujio la hewa. Yakamtiririkia viganjani maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake jani la nyasi za mtoni.

"Troy, njoo hapa."

"Mvua hiyo, dada."

"Mvua gani? Jua limetutoa ngozi tangu Jumatano!"

Akachomoa plagi zote, akamwambia Merv, "Washa, wewe mwenye maneno." Merv akazungusha ufunguo. Maji yakaruka kutoka kwenye matundu ya plagi, yakampiga Troy kifuani, na injini ikagonga, ko, ko, kama mtu anayetafuna jiwe. Kila fundi pale aliijua sauti hiyo. Mkono wa pistoni umepinda, injini imekufa.

"Ulipita kijitoni," Narelle alisema.

"Njia fupi! Maji yenyewe hayafiki hata goti. Napita pale kila siku na pikapu."

"Pikapu yako inavutia hewa juu ya paa, mjinga wewe! Umeifunga bomba la kupumulia mpaka juu, unajiona nyambizi. Hii inavutia hapa!" Akalipiga teke bampa. "Ulinishikia tochi nikilifunga! Ukaniuliza mbona chini hivi, nikakwambia!"

"Nilisahau."

"Kusahau nakusamehe. Ukaja hapa, mbele ya hawa, ukasema sikulikaza."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Troy alitazama viatu vyake, vilivyokuwa bado vinalia maji.

Narelle alimpokonya Merv kipaza sauti, akakisukuma mkononi mwa mdogo wake. "Sema."

"Dada, jamani..."

"Sema nimesema!"

"Nilipita kijitoni," sauti ya Troy ikazunguka uwanja. "Imekunywa maji. Bomba halina kosa. Lilikuwa limekazwa... nilidanganya."

Mtu akampigia Narelle makofi, wengine wakafuata. Merv alikuja na soseji kwenye mkate, sosi imejaa, sura ya mtu anayetafuta pa kujificha. "Haya, mama, yamekwisha. Kazi yako safi. Njoo ule."

"Yamekwisha wapi?" Narelle hakuipokea ile soseji. "Namba yake iko wapi, Merv? Nani ameiona? Mmeona maji tu."

Nyuma yao gari jingine lilikuwa tayari linapanda mashine.

Narelle aliishusha boneti kwa kishindo, akamgeukia Troy.

"Sukuma."

"Mpaka wapi?"

"Nyumbani."

"Dada, kule ni mlima!"

Narelle alikuwa ameshaingia ndani, ameshika usukani, anatazama mbele.