Chapa Tatu za Mfalme Asiyekosea

Mchili Leodegar alipotukatia maji hakusema lolote juu ya kitabu. Alimtaja baba yangu tu, Sirili. Kitabu tulikiingiza sisi wenyewe, tukitaka kumwokoa baba, na hapo ndipo mambo yaliponichanganya.

Ilikuwa hivi. Baba alikaa na wenzake kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akawahadithia habari za mfalme mmoja aliyeushtaki mto barazani, kwa sababu kila siku unapita mbele ya nyumba yake na hausalimu. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kata yake. Sasa mchili wetu, mkubwa wa mtaa aliyewekwa na Mangi, mtawala wetu, ndiye anayegawa zamu za mfereji, na ndiye anayependa kusalimiwa ukiwa bado mbali, kofia mkononi. Maneno yalimfikia kabla mbege haijaisha chunguni. Asubuhi mfereji wetu ukawa mkavu. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na ulezi wetu kule chini ndiyo kwanza unatoa masuke.

"Lete isale uombe radhi mbele ya watu," mchili alimwambia baba. Isale ni jani analolipeleka mtu akikubali kosa lake. Likipokewa, ugomvi umekwisha.

"Nikubali kosa gani?" baba akasema. "Maneno si yangu, yamo kitabuni. Kayaandika Mzungu aliyekufa babu yako hajatahiriwa."

"Basi ukilete hicho kitabu siku ya baraza. Kikisema hivyo, utapata maji."

Baba hakujua kusoma. Kitabu alikisikia ujanani, marehemu Mwalimu Rogath alipokuwa akiwasomea jioni baada ya katekisimu. Mimi nilifika darasa la nne kwa masista, kwa hiyo nikatumwa mimi.

"Mektrida, kinaitwa Mfalme Asiyekosea. Usije na kingine."

Nikashuka kutoka Kibosho hadi Moshi na mkungu wa ndizi kichwani. Duka la Mzee Sadallah lilikuwa nyuma ya soko, vitabu vikikaa pamoja na kanga na taa za chemni. Nikampa shikamoo, nikataja kitabu. Akaweka vitatu mezani.

"Nimeomba kimoja, mzee."

"Na hiki ni kimoja. Chagua."

Nikavitazama. Jina lilikuwa moja, ila unene mbalimbali. Nikamwuliza kipi ndicho chenyewe.

"Vyote vyenyewe. Hiki chembamba ni chapa ya shule. Hiki kina picha. Hiki kinene kimekula chumvi, chapa ya zamani."

"Kilicho bora ni kipi?"

"Bora kwa nani? Walimu wanachukua chembamba. Makarani wa bomani wanachukua cha picha. Kinene hawakichukui, ndiyo maana unakiona bado kipo."

"Wewe nawe," mkewe Mwamvita akasema nyuma ya pazia, "mpe mtoto wa watu nafasi asome kwanza, asije akakurudishia kesho kutwa."

Nikakaa juu ya gunia, nikasoma. Katika chapa ya shule mfalme anaupiga marufuku upepo kwa kumvua kofia, halafu anajuta, anakuwa mtu mwema, kitabu kinakwisha. Katika kile cha picha upepo haumo kabisa. Mfalme anagombana na mwezi, na wala hajuti. Katika kile kinene vipo vyote, upepo na mwezi, na sentensi zake ndefu mpaka unasahau zilianza na nani. Lakini mto sikuuona. Nikadhani nimeruka ukurasa. Nikarudia kwa kidole.

"Unatafuta nini humo?" mzee akauliza.

"Mto."

"Mto utoke wapi, binti? Mfalme huyu anakaa kisiwani, tena kisiwa cha mawe."

"Baba aliusikia. Mwalimu aliwasomea."

"Akisoma kwa lugha gani?"

"Kitabu kwa Kiswahili, halafu anawaeleza kwa Kichagga wapate kuelewa."

Mzee Sadallah akajikuna ndevu. "Basi mto uko kwenye Kichagga."

Mkewe akacheka. Mimi sikujua nicheke au nilie. Ndizi zangu zilitosha kitabu kimoja tu. Chembamba, mchili angekimaliza kabla hajakaa vizuri, aone mto haumo. Cha picha angetazama picha tu. Nikachukua kinene, bila kuwa na hakika kama kilinifaa kwa ubora wake au kwa wingi wa kurasa zake.

Nyumbani nilimweleza baba.

"Umeuziwa kibovu," akasema.

"Nimevisoma vyote, baba."

"Basi wameukata."

"Labda mwalimu aliongeza."

"Rogath? Yule hakuwa na utani hata wa kuazima." Akakifunua kitabu, akakifunga. "Au mimi ndiye... hapana. Mto ulikuwamo."

Nilimtazama sana. Usoni pake sikupata kitu.

Siku ya baraza nilisimama na kitabu, na baba kando yangu ili awafasirie wazee kwa Kichagga. Mchili alikaa kitini.

"Soma."

"Nianzie wapi?"

"Popote alipo huyo mfalme."

Alikuwa kila ukurasa. Nikafungua katikati. Pale mfalme alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, akionja chungu cha kila raia, kusudi wasije wakadhurika na pombe mbaya, na kwa huruma yake nyingi hakuacha tone la kuwadhuru. Baba alifasiri. Nilimsikiliza neno kwa neno, nikaona haongezi kitu.

Kila mtu pale alijua ni nani hukosekana nyumbani kwake siku ambayo wengine wamepika mbege. Hakuna aliyecheka. Mzee Elimringi, mtunza mfereji, alikohoa ndani ya kiganja, akaendelea kukohoa. Nikafunua ukurasa. Mfalme alikuwa anaumwa tumbo, na amemteua shemeji yake aonje badala yake. Shemeji wa mchili akatazama viatu vyake.

"Mto uko wapi?" Leodegar akauliza.

"Bado hatujaufikia," baba akasema.

"Kurasa zimebaki nyingi?"

"Nyingi, mchili," nikasema.

"Na kitabu kama hiki bomani wanakijua?"

"Makarani wanakinunua."

Akaupima kwa macho unene uliobaki. "Nimeona ni maneno ya Wazungu. Funga." Kisha akamgeukia Elimringi, akamwita kama wazee wanavyoitwa kwetu. "Meku, mfungulie Sirili maji yake."

Isale haikutajwa tena. Baba alishukuru kofia mkononi, na jioni ile ulezi wetu ukanywa.

Baada ya chakula akaniambia niendelee pale mchili alipotukatiza. Nikasoma, naye akamfasiria mama. Mara mama akaangua kicheko, akashika mbavu. Nikaacha kusoma. Nikaurudia ule mstari kwa kidole, taratibu. Ulikuwa unasema mfalme alivaa viatu, akatoka nje, basi.